Elyakim Tzabari na Beseni la Maandazi ya Hanuka

Marehemu Elyakim Tzabari alizaliwa tarehe 3 Machi 1952 mjini Rosh HaAyin, mtoto wa nne wa mzee Yihye na mama Bedra, waliotoka Yemeni. Alisoma hapo hapo, kisha shule ya dini mjini Bnei Brak. Walimu walimsifu kwa akili. Sisi nyumbani tulimjua kwa kunusa. Hata supu ya mama aliinusa kwanza, jamani!

Jeshini alipata kazi iliyomfaa: kusimamia jikoni sheria za dini yetu ya Kiyahudi za chakula, kama ile ya kutogusa maziwa baada ya kula nyama, katika kambi karibu na Dimona. Jioni ya tarehe 8 Desemba 1974, mshumaa wa kwanza wa Hanuka, sikukuu yetu ya taa, ukiwaka, Zohara Buskila, binti wa mjini, aliwaletea askari beseni la maandazi ya Kimoroko, ya moto. Elyakim akaziba mlango.

"Hakuna kugusa! Mmetoka kula kuku sasa hivi. Yana maziwa haya?"

"Unga, maji, hamira. Maziwa ya nini, kaka?"

"Wote husema hivyo."

"Tzabari, tutakufa njaa!" askari mmoja akalia.

"Hufi. Umekula mapaja mawili, nimekuona."

Zohara akampandisha na kumshusha kwa macho. "Basi twende ukakague jiko la mama."

Akaenda kweli. Aliporudi askari wakala maandazi yamepoa, wakimtukana huku wakilamba vidole. Kesho yake akaenda tena kukagua, na keshokutwa. Hanuka ikaisha, ukaguzi haukuisha, mpaka mama mtu akasema, "Huyu hakagui jiko, anamkagua binti yangu."

Walifunga ndoa tarehe 15 Juni 1976, wakahamia Beersheba, alikosimamia majiko ya hoteli hadi alipostaafu. Kila Hanuka walipeleka beseni kambini. Naye alimuuliza mkewe swali lile lile mbele ya askari, akajibiwa vile vile, wakacheka wote.

Mwaka 2016 maradhi ya kusahau yalimshika, na shaka yake ikawa chungu. Alisema Zohara ni mgeni anayetaka kumwekea sumu. Alisukuma kijiko, akakonda akabaki mifupa. Zohara alikuwa akilia kwenye sinki, nasi tuliumia sana.

Tarehe 2 Desemba mwaka huu, jioni ya kwanza ya Hanuka, mjukuu wake Hodaya aliingia na sare zake za jeshi, akanyakua andazi mezani. Elyakim akanyanyuka kitini.

"We askari! Umekula nyama? Weka chini!" Akamgeukia Zohara. "Yana maziwa haya?"

Zohara alishika meza. "Unga, maji, hamira. Maziwa ya nini, kaka?"

"Nitakuja kukagua jiko."

"Jiko ndilo hili. Karibu."

Akanusa. Akala mawili, sukari ikimwagika ndevuni. Tangu siku hiyo alikula mkononi mwa Zohara, akiuliza kwanza kila mara. Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 13 Desemba 2018.

Ameacha mke, Zohara, watoto, Yigal, Mazal na Shalom, wajukuu saba, na mimi mdogo wake, Naomi. Beseni litaendelea kwenda kambini.

Lala kwa amani, kaka. Hayana maziwa.