Foku ya Upepo

Basi la kutoka Kericho kwenda Chepseon lilikuwa na viti vingi vitupu, lakini Calvince, aliyetutajia jina lake kabla hatujamuuliza, alikaa mbele yangu, karibu na mama wa makamo mwenye sweta ya kanisa. Alikuwa amepakata foku mpya, ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, ya baiskeli ya milimani.

"Hii ni ya upepo, mathe," akamwambia. "Ni nyepesi, na unaijaza upepo kulingana na uzito wako. Ya springi ni mzigo tu. Dada yangu Dorine atashindana na hii Jumamosi."

"Springi ni nzito, ndiyo, lakini haivuji," mama akajibu.

Calvince akacheka. Nami nilicheka kidogo, nakiri.

Mama akatoa meno manne ya bandia ya mbele, akayaweka kwenye leso. Bila hayo, maneno yake yalitoka na upepo. "Yangu yalibaki kwa mteremko wa majani chai, mwaka juzi. Nilikuwa kwa mashindano. Nilipoingia shimo, foku yangu ya upepo ilizama yote, nikaruka juu ya usukani."

Calvince aliziba mdomo kwa mkono. Mimi nilitazama dirishani.

"Lakini mathe," akasema polepole, "asubuhi hiyo ulikuwa umepima upepo wa foku?"

Mama akatikisa kichwa. "Sikupima. Na Dorine ana pampu ya kupima?"

"Hana."

Basi likasimama Chepseon. Mama akarudisha meno, akashuka. Calvince alikuwa bado amekaa, simu sikioni. "Dorine," akasema, "hebu niambie ukweli. Una kilo ngapi?"