Kijiko cha Mti na Injini ya Dada Ardith

Mheshimiwa Meya wa Wendover, Askofu wetu, Ndugu Mwenyekiti wa klabu Deloy Hatch, Ndugu wageni waalikwa mliotoka Salt Lake na Elko, akina mama mliotupikia viazi vya jibini, nanyi wenzangu ambao kucha zenu hazijatakata tangu mbio za magari za Agosti: habari za jioni.

Mimi ni Garth, yule mpeperusha bendera pale mwanzo wa njia. Kazi yangu ni kusema "nenda" kisha kunyamaza, kwa hiyo leo mnivumilie.

Tumekutana kumuaga Dada Ardith Bringhurst, anayefunga karakana yake baada ya kuunda injini za kichwa bapa tangu baadhi yenu hamjazaliwa. Mumewe na dereva wake, Mzee LaVar, yuko pale ubavuni mwake, amevaa tai ya kijani ambayo naapa hakuichagua mwenyewe. Hanisikii. Hasikii kitu tangu mwaka jana. Nataka niwaeleze kitu cha mwisho alichosikia, maana nilikuwepo.

Mnaujua uwanda wetu wa chumvi, tunapokimbizia magari, ulivyo asubuhi. Milima imeachana na ardhi, inaelea. Weupe pande zote, na sauti ya gari inakufikia kabla gari halijaonekana, hujui inatoka mbele au inatoka ndani yako, wala huna hakika kama umeshaamka. LaVar alizoea kusema hakimbilii mwendo. Anakimbilia ile sauti ya kichwa bapa, ya chini chini, kama mkoromo wa mtu aliyelala vizuri. Basi daktari alipomwambia kwamba masikio yake hayatavuka majira ya baridi, Dada Ardith alitaka jambo moja tu: LaVar aikimbize injini mpya chumvini angali anaisikia.

Nani humu hajui ugumu wa injini hizi? Valvu zake zimesimama kando ya pistoni, zinapanda kuelekea silinda hedi, kile kifuniko cha juu. Ukitaka nguvu unaikwangua hedi ishuke, halafu unaweka kamshafti, ule mhimili unaosukuma valvu, ya vinundu virefu ili zipande zaidi. Huyu anashuka, yule anapanda, na nafasi iliyobaki katikati ni nyembamba mno. Wakigongana, injini imekwisha, na dereva huenda naye.

Sisi wengine huipima nafasi hiyo kwa udongo wa kuchezea watoto. Dada Ardith hutumia unga wa pai. Hubandika donge juu ya valvu, hufunga hedi, huizungusha injini kwa mkono, kisha hufungua na kulikata donge kwa kisu aone unene uliosalia. Wengi wenu mmekula pai yake yenye harufu ya oili na mkaomba kipande kingine. Na ni yeye aliyetufundisha kwamba wakati wa kupima tuweke gasketi, ile karatasi ya kuziba chini ya hedi, kuukuu iliyokwisha kubanwa, kwa kuwa mpya ni nene na hudanganya. Mwaka jana, kwa haraka ya mtu mwenye hofu, yeye mwenyewe akaweka mpya.

Tukafika mstari wa kuanzia, na wingu jeusi upande wa magharibi. Injini ikawaka, ikanguruma vizuri. LaVar akashuka na kijiko chake cha mti, kile alichokipora jikoni kwa mkewe, akang'ata mpini na kugusisha ncha kwenye hedi, maana sauti aliipata zaidi kwa meno kuliko kwa masikio. Akainua mkono.

"Zima, mama. Valvu inabusu hedi."

Mwenyekiti wetu hapa akacheka. "Mzee, wewe hata honi ya treni huisikii!"

"Treni sijawahi kuing'ata, Deloy."

Dada Ardith akainama, akafikiri, akasema neno moja: "Gasketi." Uso ukamshuka.

Hapo LaVar, ndugu zangu, akaanza kumsihi. "Niache nikimbie hivyo hivyo, mke wangu. Mvua ikishuka, mbio zimefutwa, na mwakani mimi sisikii. Mara moja tu."

"Nimekuundia injini uisikie, LaVar, sikuiunda ikuzike. Vua kofia hiyo."

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mimi ningemwachia aende, nakiri, kwa huruma ile ya kijinga. Yeye akafungua hedi mbele ya foleni nzima, akaanza kuchimba vishimo ndani yake, juu ya kila valvu, kwa kinoo cha mkono, akilia waziwazi, bila kuharakisha hata kidogo. Akapima upya, kwa gasketi kuukuu. Alipofunga nati ya mwisho mvua ilikuwa imeshashuka.

Asubuhi chumvi yote ilikuwa chini ya maji membamba yaliyotulia, na mbingu ikawa juu na chini. Tukalisukuma trela lenye gari hadi ukingoni. Dada Ardith akaiwasha injini pale ilipo, bila pa kwenda, na nawaambieni ilionekana kama inangurumia katikati ya mawingu. LaVar akang'ata kijiko, akafumba macho, akaisikiliza mpaka akatosheka. Kisha akaitoa ncha kwenye hedi na kuigusisha kwenye mfupa wa bega la mkewe. Dada Ardith akasema kitu. Mimi sikukisikia, injini ilinizidi. LaVar alikisikia, akatikisa kichwa kukubali. Wiki haikuisha, masikio yakafunga kabisa.

Dada Ardith, klabu hii imewahi kutoa vikombe vingi kwa waliokwenda kasi. Leo tunakushukuru wewe uliyekataa mumeo aende, kwa sababu Mzee wetu yuko hapa anakula viazi.

Nawashukuru wapishi, wageni, na Mwenyekiti kwa kuvumilia utani. Nina ombi moja: msipige makofi, hayatamfikia. Daktari anasema hata kijiko sasa hakimletei sauti, lakini mtikisiko bado anauhisi, na meza hizi ni za mbao, zimeunganishwa mwanzo hadi mwisho. Naona ameshakitoa mfukoni, amekisimamisha mezani na kukiuma.

Mmenisikiliza mimi vya kutosha, asanteni. Sasa gongeni meza, ili na yeye ajue tunamshangilia mkewe.