C ya Kemia

Mkunga aliyetoka zamu alikuwa amefumba macho kwenye treni, ila masikio yake yalikuwa bado kazini. Mbele yake msichana alifungua na kufunga bahasha ya matokeo ya chuo, kama anayengoja alama zijirekebishe humo ndani.

"Kemia nilipata C, nikairudia, nikapata A," alimwambia mzee aliyekaa naye. "Leo chuo kinanihoji nisomee udaktari, na wanahesabu alama zote mbili."

"Wana haki, binti yangu. Mgonjwa humrudii kama mtihani."

"Kwani wewe, baba, kazi yako hukuwahi kukosea?"

"Mimi ni kinyozi. Mteja wa kwanza nilimkata sikio."

"Na wakakuacha uendelee."

Mzee akajikuna kidevu. Treni ikasimama kituo cha chuo. Mkunga alimkumbuka mama wa kwanza aliyepita mikononi mwake, akazidi kufumba macho.