Mwalimu Inasio na Tasa Wake wa Tarakimu Nane

Mwalimu Inasio Helder Likwata alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957 kijijini Kitaya, kando ya mto Ruvuma, wazazi wake wakiwa wamevuka kutoka Msumbiji kuja kulima mpunga. Alisoma shule ya msingi hapohapo, kisha chuo cha ualimu, na kuanzia mwaka 1979 akafundisha hisabati katika shule za Chuno na Chikongola hadi alipostaafu mwaka 2017. Wanafunzi walimpenda. Mjane wake anasema walimpenda kupita kiasi, maana walimfuata hadi nyumbani Rahaleo, tena saa ya chakula.

Tarehe 22 Juni 1985 alifunga ndoa na Laurinda. Mungu hakuwajalia mtoto, na ndugu wa mume hawakuchelewa kumpachika Laurinda jina la tasa. Inasio hakuwahi kumwita hivyo.

Kisha, mwaka 1993, akarudi kutoka semina ya walimu akiwa na namba: 73,939,133. Ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Futa tarakimu ya mwisho kulia, inayobaki ni tasa. Futa tena, bado tasa, hivyo hivyo hadi ibaki saba peke yake. Wala hakuna tarakimu utakayoiongeza kulia mwa namba nzima ikabaki tasa. Marehemu alihakiki yote hayo kwa chaki kwenye mlango wa jiko, mlango ambao Laurinda alikuwa ameusugua asubuhi ileile.

Alikuwa na mazoea ya kuzitaja namba kama watu. Siku moja Laurinda, akibangua korosho uani, alimsikia barazani akimwambia mwalimu mwenzake, Stefano: "Tasa wangu hana mfano, bwana. Ukimkata mkia, yeye yuleyule." Laurinda, akidhani anasemwa yeye, hakungoja la pili. Alifunga kanga zake akaenda Kilambo kwa mjomba wake, kwa kuwa kwao kesi ya ndoa huamuliwa na mjomba.

Inasio alimfuata, akaiandika ile namba mchangani, akawa anafuta tarakimu mojamoja huku akieleza.

"Namba!" mjomba akafoka. "Mmeniachisha palizi kwa ajili ya namba?"

"Mjomba, afadhali angekuwa mwanamke," Laurinda akajibu. "Ningejua pa kumfuata."

Alirudi kwa mumewe, lakini wivu haukuisha. Neno lililomliza yeye kwa wakwe ndilo hilohilo lililomfanya mumewe atabasamu peke yake mezani. Kwa nini tasa mmoja asifiwe, na mwingine asutwe?

Mwaka 2023 marehemu alipatwa na kiharusi, na namba zikaanza kumtoroka. Wiki moja kabla ya kufariki alimshika mkewe mkono. "Yule wangu... saba, tatu... kisha nani?"

Laurinda, anayeijua namba ile kuliko rozari yake, alimtazama. "Kisha mimi."

Marehemu alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Kisha wewe," akasema, na hakuiulizia tena.

Mwalimu Inasio alifariki Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025. Ameacha mjane wake Laurinda, dada yake Dalila, na wapwa, akiwemo Neusa anayewasomea haya. Wanafunzi wake wa zamani waliomba namba ile iandikwe msalabani. Mjane amekataa. Msalaba una jina lake, na chini yake maneno haya: Mume wa Laurinda. Bwana ampokee, na amani iwe makao yake.