Utomvu Ambao Sikuumwaga: Shukrani kwa Mfamasia Wetu Anayestaafu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Daktari Mkuu wa kituo chetu cha afya, wauguzi na wahudumu wote, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wateja wangu mliojibanza safu za nyuma mkidhani siwaoni: salamu kwenu nyote.

Nimepewa dakika tano. Aliyenipa ananijua vizuri, ndiyo maana amekaa karibu na swichi ya kipaza sauti.

Mimi huuza dawa za miti kwenye meza iliyo mkabala na lango la kituo hiki. Tangu asubuhi nasikia mnavyoulizana: muuza majani anatafuta nini kwenye sherehe ya kumuaga mfamasia? Swali ni la haki. Kwa miaka mingi yeye alikuwa dirishani kwake, mimi mezani kwangu, na mgonjwa asiyeridhika kule alivuka barabara tu.

Dawa yangu kubwa ilikuwa mshubiri. Mti wenyewe hauna kosa. Ule ute mwangavu wa ndani, ukiupaka kwenye ngozi iliyoungua kidogo kwa mvuke wa sufuria, unapoza. Hata Mama Mfamasia alishaununua kwangu. Lakini chini ya ganda kuna utomvu wa njano, mchungu kupindukia, na huo unaharisha. Mwenye akili hukata jani, akalisimamisha kwenye bakuli mpaka njano yote ichuruzike, akaimwaga. Mimi sikuimwaga. Wateja wangu walikuwa na kipimo kimoja cha ubora: wasipokunja uso, basi nimewauzia maji. Nikawa nawauzia uso uliokunjwa, ndani ya chupa.

Miaka minane iliyopita, shangazi yangu aliyenilea aliletwa hapa hajiwezi. Miguu imelegea, moyo unadunda ovyo. Wengi wenu mlikuja kutupa pole, nami kwa kinywa changu nikawaambia ni malaria kali. Leo nasema: haikuwa malaria.

"Mama, nyumbani unatumia dawa gani?" daktari alimuuliza.

"Vidonge vyenu tu. Vya moyo, na vile vya kupunguza maji miguuni."

Daktari akaandika. Mama Mfamasia, aliyekuwa ameleta dripu, akabaki amesimama. "Na asubuhi kabla ya chai, mama, unakunywa nini?"

Shangazi akageuza uso ukutani. "Maji."

"Maji ya rangi gani?"

Nikainama kumrekebishia shuka, naye akaninong'oneza: "Nyamaza wewe! Ukisema, nani atanunua kwako tena? Watoto watakula nini?"

Hebu fikirieni, ndugu zangu: mtu roho inamtoka, na anachohangaikia ni meza yangu! Nami nilinyamaza. Hii ndiyo sehemu niliyoikimbia miaka yote. Nilisimama nikiitazama dripu inavyodondoka, nikipiga hesabu ya wateja. Kisha nikasema, "Ni shubiri. Kikombe kila asubuhi, mwezi mzima. Nimempa mimi, na utomvu sikuumwaga."

Mama Mfamasia hakunifokea. Alimgeukia daktari: "Ameharishwa mwezi mzima, na vidonge vyetu navyo vinatoa maji na madini. Nadhani potasiamu imemwishia, ndiyo maana moyo unayumba." Wakapima damu, ikawa kweli, wakamrudishia taratibu. Siku ya tatu shangazi aliomba uji, akaonja, akasema aliyeupika hana mkono. Tukajua amepona.

Mlangoni Mama Mfamasia akaniambia, "Profesa wa Majani, Jumamosi niletee kila unachouza. Tuketi."

Tumeketi Jumamosi nyingi. Alinifundisha nisimpe mtu kitu cha kunywa kabla sijajua anameza vidonge gani, figo zake zikoje, kama ana mimba. Na aliye na maradhi ya moyo nimrudishe dirishani. Mimi nikamfundisha kutambua mizizi iliyosagwa kwa harufu tu. Alipiga chafya wiki nzima, lakini hakukosa kipindi. Na siri yangu hakuitoa, hata pale mliponisifu mbele yake.

Wiki iliyopita nilimuuliza, "Mama, kwa nini hukunitangaza?"

"Ningekutangaza," akasema, "ungehamia mtaa mwingine na utomvu wako. Hapa nilikuwa nakuona kutoka dirishani."

Basi, mama yetu, kuanzia kesho hutaniona tena, na mimi najijua. Ndiyo maana nimeyasema mbele ya umati huu. Ahsante kwa kuniokolea shangazi yangu, ambaye yuko safu ya pili na muda wote huu ananikonyeza ninyamaze. Shangazi, nisamehe, nimeshasema.

Nanyi mliotega masikio mpaka mwisho, nawashukuru sana. Meza yangu hufunguliwa saa mbili asubuhi. Njooni, na kabla hamjanunua kitu, niulizeni kwa sauti kama nimeumwaga.