Mama Foleni Anastaafu, Foleni Haistaafu

Miaka thelathini na minne na miezi miwili: huo ndio muda ambao karani wetu wa mapokezi ameitumikia hospitali hii. Ijumaa, tarehe 30 Mei, atafunga droo ya dirisha namba moja, atakabidhi funguo na kustaafu rasmi. Nimeombwa niandike maneno matamu juu yake. Nitajaribu, ingawa mwenyewe hakuwahi kuwa mtu wa peremende.

Jina la Mama Foleni alipewa na waliomchukia, wakaja kulipenda waliomhitaji. Mwishowe hata mumewe, fundi cherehani asiye na haraka, akawa analitumia nyumbani anaposubiri chakula.

Alianza kazi masijala, akipanga mafaili. Huko ndiko alikojijengea desturi yake. Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, alikaa dakika ishirini katikati ya rafu akiwa na Biblia ambayo jalada lake limeshikiliwa na plasta ya hospitali. Alisoma aya chache tu. Kisha alichukua kikaratasi cha namba kilichokwisha tumika, akakigeuza, akaandika nyuma yake jambo moja atakalolitenda kabla ya jioni. Alichoelewa hakukiandika. Alisema kuelewa bila kutenda ni sawa na kuandikiwa dawa ukaishia kukunja cheti na kukitia mfukoni.

Vikaratasi hivyo havikuwa na upole, hasa kwake mwenyewe. Siku moja kimoja kilichanganyika na kadi za wagonjwa, kikaingia hadi chumba cha daktari wa zamu. Kiliandikwa: acha kununa, kamwombe radhi mtu wa stoo. Daktari alikisoma, akatoka na koti lake jeupe hadi stoo akaomba radhi. Mtu wa stoo alishangaa mara ya kwanza. Alishangaa zaidi nusu saa baadaye, Mama Foleni alipofika kuomba radhi ya pili. Kumbe mtu wa stoo alikuwa amewanunia wote wawili, na wote wawili walikuwa wamemnunia yeye.

Sasa nifike kwenye sofa. Wageni katika kazi wanaiona pale mbele ya ukumbi, ya kijani, imebonyea katikati, wanadhani ilizaliwa pale. Wenyeji tunajua. Zamani ilikuwa kwenye chumba cha pembeni, na watu wazito waliingia kwa mlango wa nyuma, wakakaa juu yake, wakahudumiwa kwanza. Huku mbele wazee walikaa sakafuni.

Mama Foleni alikuwa akifundisha kanisani kwake ile habari ya Waraka wa Yakobo, ya tajiri mwenye pete anayepewa kiti kizuri huku maskini akiambiwa akae chini. Aliifundisha mwaka wa kwanza, wa pili, wa sita. Mpaka asubuhi moja, akiwa pale katikati ya rafu, akaisoma tena na kugundua kwamba sofa iko mita tatu nyuma ya mgongo wake, na mwenye kugawa viti ni yeye. Alituambia alijisikia kama aliyetafuta miwani nyumba nzima ilhali ameivaa.

Hakuandika barua wala kuitisha kikao. Aliwaita wafagiaji wawili, wakaibeba sofa hadi mbele, akawakalisha wenye magongo na wazee. Mlango wa nyuma akaufunga kwa kufuli. Mahututi, anayetoka damu na mwenye uchungu wa kuzaa hawakuhitaji namba. Wengine wote, namba.

Wiki haikuisha, akaja mwenyekiti wa bodi na mafua. Alipewa namba 43. Aliuliza kama karani anamjua yeye ni nani. Alijibiwa kwa heshima zote kwamba anajulikana vizuri, na kwamba aliye mbele yake ni namba 42. Siku ya pili karani wetu alikuwa amehamishiwa chumba cha kufulia, na sofa ikarudi pembeni.

Aliyeufungua tena ule mlango wa nyuma ni mimi. Nilikuwa dirisha namba mbili, nikaambiwa nifungue, nikafungua. Naliandika hili waziwazi kwa sababu limenikaa kooni miaka kumi na moja.

Miezi kumi na minne alifua mashuka. Kikaratasi alikibana kwa kibanio kwenye kamba ya kuanikia, na kwa wiki tatu kilisema neno lilelile: usimwekee kinyongo mwenyekiti. Alikiri kwamba kila jioni alishindwa, ndiyo maana hakukibadilisha. Huku juu mafaili yalipotea mpaka mganga mkuu akashuka mwenyewe kumwomba arudi. Alikubali kwa sharti moja. Wafagiaji walewale waliibeba tena sofa hadi mbele.

Haya yote nayasema kwa sababu. Kwenye kikao cha wiki iliyopita tumearifiwa kwamba kuanzia Jumatatu baada ya yeye kuondoka, sofa itarudishwa chumba cha pembeni kwa ajili ya wageni maalumu. Wameona mwenye kelele anakwenda zake. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo walivyopiga hesabu.

Wamekosea. Lake lipo. Jumatatu hiyo dirisha namba moja nitakaa mimi, na ufunguo wa mlango wa nyuma ninao. Mtu wa stoo na daktari wa zamu wameshasema watakuja mapema, nao watakaa juu ya hiyo sofa mpaka wazee wafike. Kama kuna barua ya uhamisho, chumba cha kufulia nakifahamu kilipo.

Juzi Mama Foleni alinipa kikaratasi kitupu na kipande cha penseli, akaenda zake kunywa chai. Nimeshakiandika. Kimebandikwa kwenye kioo cha dirisha, kwa plasta.

Mama, asante kwa kusoma kwa mikono. Tunakuombea pumziko jema, afya, na mume atakayejifunza kujipakulia. Ukija kupima presha, karibu sana. Utachukua namba kama watu wote, na sofa utaikuta mbele.