Mwalimu wa Mbwa Wakali na Mkurugenzi Mmoja

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi kamili alasiri, Bi Taratibu atavua aproni yake yenye mifuko minane na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kurekebisha tabia za mbwa katika kituo chetu cha mbwa waliotelekezwa. Kituo kinajivunia mchango wake, chini ya uongozi madhubuti wa Mkurugenzi. Aya hii nimeiandika kwa uangalifu mkubwa, maana ndiyo pekee ambayo Mkurugenzi huisoma kabla ya kuruhusu jarida letu lichapwe. Haya, sasa tuzungumze.

Jina lake halisi limo kwenye faili, na mimi karani wa masjala nalijua, lakini nikilitaja hapa nusu yenu mtauliza huyo ni nani. Neno taratibu aliwaambia mbwa, aliwaambia wahudumu, akaliambia hata lori la maji lilipokuwa likirudi nyuma kuelekea ukuta wa stoo. Mbwa walimsikia. Lori halikumsikia, na ufa uko pale mpaka leo.

Alipoajiriwa alikabidhiwa mwongozo wa kazi wenye kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ulieleza jinsi ya kumchapa mbwa anayebweka. Mbili zilizobaki zilihusu likizo za watumishi. Bi Taratibu aliusoma wote, akaukunja, akauweka chini ya mguu mfupi wa meza, na meza ikaacha kuyumba. Wenzake wa wakati ule wanaapa kwamba hiyo ndiyo faida pekee iliyowahi kutokana na mwongozo huo.

Wazee wa kituo wanamkumbuka Wakili, mbwa aliyekuwa akibweka tangu asubuhi hadi kufunga kazi. Sisi tulimpigia kelele anyamaze, naye akafurahi kuona tumejiunga naye. Bi Taratibu akaamuru sote tufunge midomo, akawa anamtupia kipande cha chakula kila alipotua kuvuta pumzi. Wiki ya pili Wakili akawa mjanja: akagundua kwamba ili ulipwe kwa kunyamaza sharti kwanza ubweke. Basi mama huyu akaanza upya, akimlipa kimya tu: kwanza cha sekunde mbili, kisha tano, kisha dakika nzima, mpaka Wakili akachukuliwa na familia ya mwalimu wa shule. Tulichoka sisi, yeye hakuchoka.

Nyumbani mambo ni yale yale. Mumewe, shemeji yetu dereva wa lori, aliwahi kutulalamikia kwamba anashuku kafundishwa. Kila akining'iniza taulo mahali pake anasifiwa kwa sauti tamu. Akiitupa kitandani, hakuna anayemsemesha. Tulimuuliza sasa taulo anaiweka wapi. Akasema kwenye msumari, miaka kumi na nane sasa.

Lakini kazi yake kubwa haikuwa kwa Wakili wala kwa shemeji. Wote mnaujua mtihani wa Alhamisi. Kamati ya Tabia ni watu watatu: Mkurugenzi, daktari wa mifugo na mimi. Mbwa anayefeli anafungiwa kadi nyekundu mlangoni mwa kizimba, na baada ya siku kumi na nne, asipofaulu mtihani wa marudio, daktari anaitwa na sindano. Bi Taratibu hakuwa mjumbe, kwa sababu yeye alikuwa mtaalamu.

Katika daftari alimoandika tabia za mbwa kila siku, aligundua jambo ambalo kamati nzima haikuliona: mbwa wetu walikuwa wakali siku moja tu kwa wiki. Mbwa aliyemlamba mfagiaji vidole Jumatano, Alhamisi alikuwa simba. Na Alhamisi kulikuwa na nini? Mkurugenzi, na bakora yake. Alikuwa akigonga nondo za kizimba mara tatu kwa nguvu zote, anainama, anamkazia mbwa macho, mbwa anamrukia, naye anaandika kwamba mbwa ana tabia mbaya. Jamani, hata mimi ningemrukia. Nyani haoni kundule.

Bi Taratibu alimweleza kwa heshima zote. Mkurugenzi akamjibu kwamba samaki mkunje angali mbichi, na mbwa hawa wamekwisha kukauka. Basi Bi Taratibu akamwacha samaki mkavu, akamgeukia mwenye methali. Alipatana na mama wa chai: Mkurugenzi akipita kizimbani bila kugonga, chai inakuja ya moto, pamoja na kipande cha keki. Akigonga, chai inachelewa, na keki imekwisha. Mkono mtupu haulambwi. Miezi mitatu haikwisha, bosi wetu akawa anapita katikati ya vizimba kama anayepita chumba cha mtoto aliyelala.

Mbwa wakaanza kufaulu. Mkurugenzi akaandika ripoti kuhusu mbinu zake mpya za uongozi, akaalikwa mkutanoni, akarudi na cheti. Katika ukurasa wa shukrani Bi Taratibu alitajwa wa tatu, baada ya muuza rangi.

Sasa hapa sitanii. Kabla ya chai ile, kadi nyekundu mia nne na kumi na mbili zilipita mikononi mwangu. Nilizichapa mimi. Kila moja ina saini yangu, ya tatu kutoka juu, kwa sababu ya kwanza ilikuwa ya bosi nami nilikuwa na watoto wa kusomesha. Inaniuma hadi leo.

Mwaka huu daktari wa hospitali alimkataza Mkurugenzi sukari. Keki ikakoma, na bakora ikarudi, kama Bi Taratibu mwenyewe alivyotuonya. Wa kwanza kuumia akawa Jeuri, mbwa mweusi ambaye nje ya kizimba ni mpole kupita kiasi, lakini ukimgongea nondo anapanda ukuta. Akapewa kadi nyekundu. Siku zake kumi na nne zilikuwa zinaisha siku nane kabla ya mwalimu wake kustaafu, na nafasi ya mwalimu imefutwa. Badala yake kutabandikwa tangazo linalowataka mbwa wote kuwa na adabu. Maana yake Jeuri hakuwa na mtu mwingine duniani.

Siku kumi na tatu mama huyu alikaa sakafuni karibu na kizimba, amempa mgongo, akigonga nondo kwa kijiko. Kila pigo moja, kipande kimoja cha maini. Kwanza polepole, kisha kwa nguvu, mwishoni tukawa tunaziba masikio.

Alhamisi ikafika. Mkurugenzi akagonga mara tatu. Jeuri akatikisa mkia, akamgeuzia bosi makalio, akaketi mbele ya Bi Taratibu kusubiri maini yake. Daktari akaandika amefaulu. Mkurugenzi akaandika kwamba ukali umepungua, ila sasa mbwa ana dharau, na kadi ibaki. Fomu ikaletwa kwangu.

Miaka kumi na tisa nimetia saini pale aliposaini bosi. Alinikazia macho, yale yale ya kizimbani. Nikaandika amefaulu. Wawili kwa mmoja. Bi Taratibu akaketi kwenye sakafu iliyolowa na kulia kwa sauti, akaniita mdogo wangu, akasema aliisubiri saini hiyo tangu mbwa wa kwanza. Alikuwa anazijua kadi zangu zote, na hata siku moja hakunilaumu.

Jeuri yuko kwa fundi cherehani na mama mkwe wake. Analala chini ya mashine.

Dada yetu, asante kwa subira uliyotufanyia sote, wenye mikia na tusio na mikia. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na wajukuu wasiohitaji marekebisho. Kizimba cha Jeuri kimeshapata mgeni, jike la kahawia linalouma ndoo. Jana jioni nilikaa pale sakafuni nimempa mgongo, yeye akiniogopa nami nikimwogopa, na hakuna aliyekimbia. Pumzika bila wasiwasi. Alhamisi nitakuwepo mezani, na kalamu ni yangu.